Taa Iangalie Njia, Uani Tuachiwe Nyota



Daftari langu la vipimo halikosi Zuhura. Mwezi huu wamo wawili, yupo na Najma anayeolewa Mfunguo Mosi, inshaallah, na yupo Bi Thureya, mama wa makamo anayetaka gauni la akdi ya mjukuu wake. Nilipokuwa nampima mabega nikamuuliza kama anajua maana ya jina lake. Akanijibu, "Maana gani tena mwanangu, si jina la bibi yangu!" Nikamwambia Thurayya kwa Waarabu ndicho Kilimia chetu, zile nyota zilizobanana kama kishada. Akacheka mpaka futi ikaniponyoka. Kisha akasema, "Kilimia nakijua. Lakini siku hizi kiko wapi?"

Kilimia hakijahama. Tulichopoteza ni kiza cha kukionea, na kwa sisi wanawake kiza hicho kilikuwa mahali maalumu: uani.

Najua nchi nyengine watu wananunua darubini, wanaweka kiti bustanini wanatazama sayari. Hapa Wete mimi sijamuona mwenye darubini. Tulikuwa na mkeka. Baada ya Isha, vyombo vimeshaoshwa, buibui limetundikwa, mtu anajifunga kanga kifuani, nywele zimefumuliwa zipate hewa, mmoja anakuna nazi ya daku au anapeta mchele wa kesho, na watoto wamelala chali wanauliza maswali. Nyota tulizijua kwa namna hiyo. Hakuna aliyesema anafundisha. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaonesha kwa kidole chenye hina: ile nyekundu, ile inayofuata Kilimia, ile kubwa ya upande wa kusini. Wazee walikuwa na msemo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ukiangalia ni kweli. Katikati ya masika, mwezi wa Aprili kwenda Mei, kinapotea upande wa magharibi jioni, halafu mwezi wa Juni kinatokeza mashariki kabla ya alfajiri, na mvua zimeshakatika. Jina lenyewe linatokana na kulima.

Hata pande za dunia tulizipa majina ya nyota. Kiswahili cha wazee kilisema jaa kwa kaskazini na suheli kwa kusini. Jaa ndiyo nyota ya kaskazini ya manahodha wa Kiarabu, na hapa Pemba haionekani, kwa sababu sisi tuko kusini kidogo ya ikweta na yenyewe imejificha chini ya upeo. Manahodha waliotoka huku na jahazi zao wakienda Arabuni waliikuta njiani, inapanda kidogo kidogo kila walivyosogea mbele. Suheli yetu ipo, kubwa, ya pili kwa kung'aa katika nyota zote za usiku. Januari mpaka Machi, baada ya Isha, geuka kusini utaiona. Na mabibi harusi wanaotafuta majina ya watoto mapema (nawajua, mnaanza kabla hata gauni halijakatwa) Suheila linatokana na hiyo hiyo.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kulilia zama za kibatari. Nimesoma mpaka sekondari kwa taa ya chemni, na macho yangu yanajua. Umeme wetu wa zamani ulitoka kwenye mashine za dizeli za Wesha, ukija leo kesho haupo. Mwaka 2010 ndio tuliunganishwa na Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na mimi cherehani yangu ya umeme niliinunua baada ya hapo. Na wenzetu wa Unguja wanaukumbuka mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, miezi mitatu bila umeme. Nyota bila shaka zilionekana mpaka mjini, lakini hakuna mwanamke aliyezifurahia na ndoo kichwani, maana pampu za maji nazo zilikuwa zimekufa. Kwa hivyo mtu akinambia kiza ni kizuri, namuuliza kwanza: kiza cha wapi?

Taa yetu ilikuja mwaka juzi. Nguzo ya chuma, taa ya sola juu yake, ikasimamishwa upande wa pili wa njia, ikiukabili ukuta wetu. Usiku wa kwanza watoto walicheza mpaka saa nne. Jirani yetu mkunga, anayerudi zamu usiku, alisema kwa mara ya kwanza ametembea kutoka barabara kuu bila ya kusoma Ayatul Kursiy mara saba. Mama mmoja akahamishia meza yake ya urojo pale pale chini ya nguzo. Ramadhani ilipoingia tulikwenda tarawehe na kurudi wanawake peke yetu, bila ya kumsubiri kijana wa kutusindikiza. Hilo si jambo dogo, na sitaki mtu alidharau.

Lakini taa ile haikumulika njia tu. Kichwa chake kiliwekwa kimeinuka, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, na mwanga mweupe ukamwagika uani kwetu mpaka mlangoni mwa jiko. Mama yangu alitoka usiku kuchukua maji ya udhu, akarudi ndani mbio kutafuta mtandio. Ndani ya ua wake mwenyewe! Kuna nyumba ya ghorofa ng'ambo ya njia, na mchana tumezoea, mchana mtu uani anajifunika. Usiku kiza ndicho kilichokuwa ukuta wetu wa pili. Wajenzi wa zamani walijua kupandisha ukuta kiasi cha mtu aliyesimama asione ndani, hawakujua kama siku moja kutakuwa na jua dogo juu ya nguzo.

Aliyeumia zaidi ni mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa amewekwa ndani, harusi wiki mbili mbele, anasingwa kila siku kwa liwa na karafuu, na somo yake alitaka atoke uani usiku apigwe na upepo, kwa sababu chumbani joto na singo inawasha. Hakuweza. Mwari mwenye singo mwili mzima hawezi kukaa mbele ya dirisha la watu. Basi mimi fundi nikafanya kazi yangu: nikanunua turubai mita kumi na mbili, nikalikunja pindo, nikalitia pete za chuma, tukalifunga kutoka ukutani mpaka kwenye mwembe. Stara tukaipata. Mbingu ikaondoka yote. Mdogo wangu alilala chali juu ya mkeka akitazama turubai la bluu, akasema, "Dada, umenishonea dari." Aliolewa, alhamdulillahi, lakini zile nyusiku za mwisho nyumbani, ambazo bibi alitufanyia sisi wakubwa chini ya nyota na hadithi zake, yeye alizipata chini ya plastiki.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za taa, usiku, baada ya kufunga duka.

Jambo la kwanza nililolijua ni kwamba mwanga unaopotea juu haupotei kimya. Unagonga vumbi na unyevu wa hewa, unatawanyika, unafanya ukungu wa mwanga unaozifunika nyota. Hewa yetu ya kisiwani ina unyevu mwingi. Na mwanga mweupe wenye ubluu ndani yake hutawanyika zaidi kuliko wa manjano, sababu ile ile inayofanya mbingu ya mchana iwe ya bluu. Taa hupimwa rangi yake kwa kelvini, na wanaotetea kiza cha usiku wanashauri 3000 au chini ya hapo, yaani rangi ya joto, karibu na ya karabai kuliko ya hospitali. La pili ni macho yetu. Jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea kiza vizuri, na kuitupia taa kali jicho mara moja kunakurudisha mwanzo. Ndiyo maana hata ukiikinga taa kwa mkono bado unaona nyota chache, kwa sababu jicho lako limeshaharibiwa.

Mwaka 2016 wataalamu walichora ramani ya dunia nzima ya mwanga wa usiku, wakakuta thuluthi moja ya watu duniani hawawezi kuuona ule mkanda mweupe unaokata mbingu wakiwa makwao. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwengine uliotumia hesabu za watu wa kawaida, waliotazama nyota kwa macho yao kutoka 2011 mpaka 2022. Wengi wao wako Ulaya na Marekani, lakini walichokiona kinatisha: mbingu inazidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Maana yake, mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifika umri wa miaka 18 ataona kama 100. Nikamtazama binti yangu, ana miaka sita.

Kuna upande wa dini pia, na hapa nataka kwenda polepole kwa sababu watu wanapenda kutia chumvi. Taa ya barabarani haituharibii saumu. Ratiba ipo, adhana ipo, na mwezi muandamo hutazamwa mara tu baada ya magharibi, chini upande wa bahari, na kinachoukinga zaidi ni mawingu. Lakini kuna elimu inayokufa. Wanavyuoni wametufundisha kwamba alfajiri ni mbili. Ile ya uongo mwanga wake husimama kwenda juu kama mnara, na Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwa mwitu. Ile ya kweli hutanda kwa upana, na hapo ndipo kula kunakoma. Wataalamu wa leo wanasema ule mwanga uliosimama ni jua linalogonga vumbi lililotanda baina ya sayari, na sisi wa karibu na ikweta tuko mahali pazuri pa kuuona. Mimi nimeusoma madrasa nikiwa na miaka tisa. Kwa macho nimeuona mara moja tu, Makangale kwa mama mdogo, nyumba iko mbali na taa yoyote ya barabara. Niliamka kumsaidia kupika daku, nikatoka nje, ukawa umesimama mashariki, mweupe, umepinda kidogo. Mama mdogo akasema, "Huo bado. Kula." Alisema kama mtu anayesoma saa ukutani.

Sasa nirudi mtaani. Baada ya harusi nilikwenda kwa Sheha pamoja na mama yangu, tukamueleza. Akanitazama akasema, "Mwanangu, shehia nzima zinalilia taa, wewe unalilia kiza?"

Nikamwambia, "Hapana, baba. Taa ibaki. Naomba ivishwe kofia."

Akatuita wote barazani Ijumaa ya pili yake. Mama wa urojo alikuja amejifunga kibwebwe, tayari. "Taa hii ndiyo duka langu," alisema, "na mwenye kuitaka iondoke aje anilishie watoto." Nikamjibu shikamoo kwanza, maana ni mkubwa wangu, kisha nikamwambia urojo wake ninaula mimi kuliko mtu yeyote pale, na meza yake itapata mwanga zaidi, kwa sababu mwanga unaoingia uani kwangu haumuuzii yeye hata bakuli moja. Watu wakacheka, akatulia nusu. Baba mmoja akasema wanawake wasitake makubwa, wajifunike tu. Mama yangu akamuuliza kwa upole kama na yeye huoga na kanzu. Hapo Sheha akatutaka tuheshimiane.

Aliyeipindua baraza ni yule mkunga. Nilidhani atakuwa dhidi yangu. Alisema yeye taa anaitaka, lakini akitoka barabara kuu usiku taa ile inampiga usoni, inamtia kiwi, na aliyesimama nyuma ya nguzo hamuoni kabisa mpaka ampite. "Naonekana mimi," alisema, "simuoni yeye." Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikwenda pale kutetea uani na nyota, yeye akaleta hoja ya njia yenyewe, na hiyo ndiyo iliyomfanya Sheha achukue kalamu.

Nguzo ni mali ya umma, kwa hivyo hatukumruhusu kijana yeyote kupanda na nyundo, na nawaomba nanyi msifanye hivyo. Barua ilikwenda. Ikakaa. Nikaifuata mara tatu, mara ya nne na sambusa. Mwezi wa Disemba akaja fundi mmoja na ngazi, mpole, akanisikiliza. Akaniambia kufunika juu haiwezekani, taa ya namna ile paneli yake ya sola imelala mgongoni, ukiifunika unaiua. Alichokifanya ni mambo mawili. Kwanza akakilaza kichwa kikawa sawa, kinatazama chini. Pili akafunga kipande cha bati, kimesimama kuelekea chini, kiasi cha kuukata mwanga unaokuja kwetu. Ukiwa chini unakiona kama ukosi wa shati uliogeuzwa. Bati nililinunua mimi, na lilikuwa la bei ndogo kuliko pete za lile turubai.

Mimi ni mtu wa vipimo, kwa hivyo nilipima. Kilimia kinafaa sana kwa kazi hii. Watu wengi wenye macho mazuri, kwenye kiza, huhesabu nyota sita. Januari ya mwaka uliopita, chini ya taa ile, nilikuwa naona kama alama ya kidole kwenye kioo, nyota sikuweza kuzitenganisha. Januari hii, baada ya ukosi, tumekaa nusu saa mkekani, simu zimefungwa, nikahesabu nne. Binti yangu anasema tano. Makangale nilihesabu sita na nyengine ya saba inakuja na kuondoka. Kwa hivyo hatujarudi tulikotoka, ila turubai limeshuka, nimelikata mifuko ya sokoni. Mama anatoka na kanga yake moja. Meza ya urojo iko pale pale, na kwa kweli imeng'aa zaidi.

Na wewe jaribu. Novemba mpaka Machi, baada ya Isha, mwezi usiwepo, tazama juu upande wa kaskazini, hesabu, uandike kwenye kalenda. Ukipata sifuri, tafuta taa gani inayokutazama. Mara nyingi si ya barabara.

Yetu ya pili, kwa mfano, si ya mtu wa serikali. Ni ya nyumba ya ghorofa, taa kubwa ya ulinzi imefungwa chini ya paa, inawaka Isha mpaka jua linatoka, inamulika mitaa miwili. Mwenye nyumba yuko safari, mke wake ni mteja wangu. Nilimzungumzia wiki iliyopita, kwa adabu, sindano zikiwa mdomoni. Nikamwambia, "Dada, kuna taa zinazowaka mtu akipita tu, na mwizi huziogopa zaidi kwa sababu humshitua." Akanijibu kuwa mume wake ndiye aliyeifunga na akizima atamuuliza. Nikamwambia basi angalau iinamishwe itazame mlango wao. Akasema atampigia simu. Sijui kama alipiga, maana jana usiku ilikuwa inawaka kama kawaida.

Alhamisi anakuja kulijaribu gauni. Nimemwambia aje baada ya Isha, tutajaribia uani.